KINANDA KIMOJA, MISHAHARA MINGAPI?



Tangu mkutano wetu uliopita pana neno moja linalozungumzwa sana hapa Misikhu, sokoni, penye boda boda, na hata nje ya kanisa watu watokapo ibadani. Neno lenyewe ni kinanda. Hatusemi kile kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, walichokuja nacho wamisheni. Twasema kinanda cha umeme chenye bendi nzima tumboni mwake, ambacho wapigaji wanakiita aranja, pamoja na ndugu yake mkubwa aitwaye wakstesheni. Baadhi ya wanachama wametaka chama kikikatae kinanda hiki kabisa. Wengine wamesema chama kisijitie katika habari hii, kwa kuwa kupiga muziki ni starehe, si kazi. Sisi twaona pande zote mbili zimepotea njia, na twaomba nafasi tuseme kwa nini.

NGOMA NI KAZI

Tuanze na hao wasemao kwamba muziki si kazi. Mtu anayeamka saa kumi ya alfajiri, akapakia spika katika Probox, akaenda Kamukuywa au Kiminini kwenye arusi, akafunga nyaya, akasimama nyuma ya kinanda toka bibi arusi anapoingia mpaka wageni wa mwisho wanapoondoka gizani, kisha akapakia tena na kurudi Misikhu usiku wa manane, huyo amefanya nini kama si kazi? Ana saa zake za kazi, ana vyombo vyake vya kazi, ana mtu aliyemwita na kupatana naye malipo. Mara nyingi hata malipo hayo hayapati yote siku ile. Huambiwa, "Nitakutumia Jumatatu." Jumatatu ikifika, simu haishikwi. Mfanya kazi gani katika chama hiki hajapata kuambiwa maneno kama hayo?

Basi mpigaji ni mfanya kazi, na jambo linalougusa mshahara wake linatugusa sisi sote.

ILIVYOKUWA NA ILIVYO

Wazee wetu wanakumbuka bendi za upande huu. Ilikuwa gita la solo, gita la rithimu, besi, ngoma, na waimbaji wawili. Mwisho wa mwezi, kinu cha karatasi cha Webuye kilipolipa mishahara, vilabu vilijaa kutoka Webuye mpaka Kitale, na bendi sita zingeweza kula usiku mmoja. Kinu hicho kiliposimama mwaka 2009, si wafanya kazi wa kinuni peke yao waliopoteza riziki. Mama aliyeuza samaki alipoteza, fundi cherehani alipoteza, na mpiga besi naye alipoteza. Hata baada ya mwenye mali mpya kukichukua kinu hicho mwaka 2016, siku zile hazikurudi kama zilivyokuwa.

Katika upungufu huo ndipo kinanda kilipopata nafasi. Mwenye klabu aliyekuwa hawezi tena kulipa watu sita, aliona anaweza kulipa mmoja. Twasema hivi kwa makusudi, maana wengine hudhani kinanda ndicho kilichoua bendi. Kinanda kilikuja juu ya ugonjwa uliokuwako tayari, nao ni ukosefu wa mishahara. Mahali penye mishahara mizuri, bendi ya watu na kinanda huweza kukaa pamoja. Mahali pasipo na mishahara, hata kinanda chenyewe hatimaye huuzwa.

KINANDA KINAFANYAJE KAZI

Kwa faida ya ndugu ambao hawajakikaribia, twaeleza kwa ufupi. Katika aranja, mpigaji anachagua staili, yaani mdundo: rumba, valsi, rege, na kadhalika. Mkono wa kushoto unashika kodi, na kinanda chenyewe kinapiga ngoma, besi na magita kwa kufuata kodi hiyo. Mkono wa kulia unapiga wimbo. Akibonyeza kitufe, mdundo unabadilika. Akibonyeza kingine, wimbo unamalizwa vizuri kama bendi iliyofanya mazoezi. Wakstesheni ni tofauti kidogo. Hiyo ni kama studio ndani ya kinanda: mpigaji anaandika sehemu moja baada ya nyingine, leo ngoma, kesho besi, keshokutwa tarumbeta, mpaka wimbo ukamilike.

Vyombo hivi havikushuka kutoka mbinguni. Kampuni ya Casio ya Japani ilianza kuuza vinanda vyake vya umeme mwaka 1980. Mwaka 1983 makampuni yalipatana juu ya lugha moja ya kuunganisha vinanda na mashine nyingine, iitwayo MIDI. Mwaka 1988 Korg ilitoa M1, wakstesheni iliyoenea duniani kote, na mwaka 1993 ikatoa i3, iliyounganisha wakstesheni na aranja. Yamaha ilitoa Motif mwaka 2001, na Genos mwaka 2017. Korg ikatoa Pa5X mwaka 2022, na Yamaha ikajibu kwa Genos2 mwaka 2023. Hicho cha mwisho bei yake ng'ambo hupita dola 5,000, yaani zaidi ya Shs. 600,000/-. Hapa kwetu wengi wanapiga vinanda vidogo vya Yamaha, vile viwezavyo kutumia hata betri stima ikipotea, au vikuukuu vilivyokwisha pita mikono mitatu minne.

TUFANYE HESABU

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye kidonda. Tutatumia hesabu ya mfano tu.

Tuseme mwenye arusi alikuwa akitoa Shs. 12,000/- kwa bendi ya watu sita. Kila mmoja alipata Shs. 2,000/-. Leo anamwita mpigaji mmoja mwenye kinanda na kumpa Shs. 4,000/-. Mpigaji anafurahi, anaona amepata maradufu. Lakini ngoja. Gari la kubebea vyombo, Shs. 600/-. Petroli ya jenereta, Shs. 500/-. Kijana wa kubeba spika, Shs. 400/-. Fungu la deni la kinanda, Shs. 1,000/-. Kinachobaki mfukoni ni Shs. 1,500/-. Mtu huyu amefanya kazi ya watu sita, amebeba hatari ya chombo chake kunyeshewa na mvua au kuunguzwa na stima mbaya, na amepata pungufu ya kile alichopata mmoja wa wale sita.

Shs. 8,000/- nyingine zimekwenda wapi? Hazikwenda kwa mpigaji. Watano wengine wako nyumbani, au wanaendesha boda boda, au wamekwenda Nairobi kulinda milango ya watu. Kinanda kimewaondoa kazini, na faida ya kuondolewa kwao imebaki kwa aliyemwita mpigaji. Hiyo ndiyo hesabu yetu, na kila mwanachama ajaribu kuifanya kwa bei za mahali pake.

Na sasa limetokea jambo jingine lililo baya zaidi. Kanisa au klabu inanunua kinanda chake yenyewe. Hapo mpigaji anakuja mikono mitupu, na siku akiomba nyongeza anaambiwa, "Kinanda ni chetu, wapigaji ni wengi." Sisi wenyewe tumepata kumwona mpigaji aliyekitumikia kinanda cha namna hiyo miaka mitatu, akatengeneza ndani yake staili zake mwenyewe, na siku alipofukuzwa akaziacha zote humo. Kijana aliyekuja baada yake akabonyeza kitufe, na jasho la mwenzake likalia kwenye spika. Hakuna aliyelipwa kwa hilo.

WENZETU WA PWANI NA WA NG'AMBO

Wala tusidhani mambo haya yametupata sisi peke yetu. Watazameni ndugu zetu wa taarabu. Kule Unguja kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Taarabu ya namna hiyo ilitaka watu wengi: fidla kadha, udi, kanuni, nai, akodiani, besi kubwa ya kusimama, na waitikiaji. Miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, na kinanda cha umeme kikashika mahali pa fidla na akodiani. Kikundi kikaweza kusafiri na watu wachache, kikapiga hata bara, na watu wakapenda. Mafundi wengine walipoteza nafasi zao, na wengine wapya wakapata jina. Lakini fidla na udi havikufa. Mwaka 2002 kilifunguliwa Unguja chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, na vijana wakafundishwa udi, kanuni na fidla kwa utaratibu. Hapo twajifunza kwamba ala ya zamani haiokolewi kwa kulaani kinanda. Huokolewa kwa kufundishwa.

Marekani nako chama cha wanamuziki kilipigana na mashine mapema. Sinema za sauti zilipotokea mwishoni mwa miaka ya 1920, maelfu ya wapigaji waliokuwa wakipiga katika majumba ya sinema walifukuzwa. Baadaye santuri na redio zikazidi kuwabana. Tarehe 1 Agosti 1942, chama chao chini ya James Petrillo kikaamuru kwamba hakuna mwanachama atakayerekodi santuri. Mgomo huo uliendelea mpaka Novemba 1944, makampuni makubwa ya mwisho yalipokubali. Na walikubali nini? Hawakukubali kuacha kutengeneza santuri. Walikubali kwamba kwa kila santuri inayouzwa, fedha kidogo itaingia katika mfuko wa kuwalipa wanamuziki wasio na kazi wawapigie watu bure hadharani. Chama hakikuizuia mashine, bali kiliifanya mashine ilipe.

Lakini Uingereza, mwezi wa Mei 1982, tawi la kati la London la chama cha wanamuziki lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zizuiwe. Chama kizima hakikulifuata azimio hilo. Na vijana waliokuwa wakipiga vyombo hivyo walikasirika, maana nao walikuwa wafanya kazi, na chama kilichopaswa kuwatetea kilitaka kuwanyang'anya jembe. Hilo ni kosa ambalo sisi hatutaki lifanywe Misikhu.

WAKATI UJAO WA KINANDA

Wengine wametuuliza: je, kinanda hiki chenyewe kitadumu? Swali hili ni zuri, kwa sababu kijana anayekopa fedha leo kununua kinanda anataka kujua kama kazi itakuwapo kabla hajamaliza deni.

Ukweli ni kwamba makampuni yanayotengeneza aranja yamepungua. Technics iliacha, na GEM ya Italia ilifilisika. Waliobaki ni wachache, na miongoni mwao ni Yamaha, Korg, Casio na Ketron. Wakstesheni nayo imebanwa na kompyuta: kijana mwenye kompyuta ndogo na programu anaweza kufanya kazi ambayo zamani ilitaka chombo cha bei ya ng'ombe kadhaa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam waliunda singeli namna hiyo, kwa kompyuta na programu, na muziki wao ukasikika mpaka Ulaya. Na sasa yametokea mambo ya akili bandia. Mtu anaandika maneno machache katika simu, na baada ya dakika moja anapewa wimbo mzima, sauti na vyombo, pasipo mkono wa mtu yeyote kugusa kitu. Mashine hizo zilijifunza kwa nyimbo za watu, na mwezi wa Juni 2024 makampuni makubwa ya santuri huko Marekani yalizishtaki mbili kati yake, Suno na Udio, kwa kutumia nyimbo hizo bila ruhusa. Makampuni makubwa yana mawakili wa kuyasemea. Mpigaji wa Misikhu ana nani?

Basi je, aranja itakufa? Sisi twaona haitakufa upesi, na sababu yake ni hii. Wimbo uliorekodiwa haungoji mtu, bali kinanda kinangoja.

Fikirini matanga ya hapa kwetu. Mhubiri anaanzisha wimbo kwa sauti yake mwenyewe, juu kuliko inavyostahili, na hajamwambia mtu. Mpigaji anatafuta sauti ile kwa kidole kimoja, anaipata, anaingia. Mhubiri anakatiza wimbo katikati aseme neno. Mpigaji anashusha ngoma, anaacha sauti nyororo peke yake. Mjane anainuka kuelekea kwenye jeneza. Mpigaji anaona, na mdundo unanyamaza. Wajukuu wanaingia wakiimba, mdundo unarudi. Ni akili bandia gani inayoketi pale kwenye hema na kuona kwamba mjane ameinuka? Bibi arusi akichelewa saa mbili, santuri itakwisha, lakini mpigaji atarefusha wimbo wake mpaka gari lionekane.

Hii ndiyo kazi yetu hasa. Hatuuzi sauti, maana sauti kila simu inayo. Twauza kuwatazama watu na kuwafuata. Kinanda kinachomwezesha mtu mmoja kuwafuata watu kitakuwa na nafasi siku zote watu wanapokusanyika, kiwe na jina la Yamaha au kiwe kimegeuka programu ndani ya kompyuta. Lakini mpigaji ambaye hubonyeza kitufe, akawasha staili, na kuangalia simu yake, huyo amejifanya santuri. Siku santuri ya bei nafuu itakapokuja, asishangae akiachwa nje.

LITUNGU NA KAMABEKA

Liko jambo la pili juu ya wakati ujao, nalo ni la staili zenyewe. Waarabu wametengenezewa vinanda vyenye tuni zao, kama Yamaha PSR-A5000. Wahindi nao wametengenezewa vya kwao. Viwanda havikufanya hivyo kwa huruma. Vimefanya kwa sababu wanunuzi wale ni wengi na walidai. Lakini katika vinanda vilivyopita mikononi mwetu hapa, hatujakuta staili ya kamabeka iliyotoka kiwandani. Mpigaji anachukua staili ya Amerika ya Kusini, anaipunguza mwendo au kuiongeza, na mabega ya watu yanajaribu kuifuata. Wazee wanacheka. Wanajua kitu kimekosekana.

Kinanda cha siku hizi kinaruhusu mtu kutengeneza staili yake mwenyewe. Hapo pana kazi mpya na heshima mpya. Mpiga litungu, mpiga siilili na mpiga kinanda wakiketi pamoja siku chache, wanaweza kutoa mdundo ambao mabega yataukubali. Lakini twaonya. Yule mpiga litungu akija, akapiga nyuzi zake, na sauti ile ikaingizwa kinandani, basi amefanya kazi na alipwe. Isiwe anapewa soda na nauli, kisha litungu lake linalia katika arusi mia moja naye ameketi nyumbani. Mambo hayo yaandikwe karatasini kabla kinanda hakijawashwa: jina lake, alichopiga, na fungu lake.

Tena tusisahau kwamba yako mahali ambapo kinanda hakijaingia. Mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa, kijana wa Kibukusu anapotolewa mtoni alfajiri kwenda kutahiriwa, hutolewa kwa sauti za watu. Chinyimba anazilia yeye mwenyewe. Hakuna aliyeona haja ya jenereta. Jambo likiwa na maana kwa watu, watu hulifanya kwa miili yao wenyewe, na hakuna mashine inayowaondoa kazini.

NA SISI TUJITAZAME

Ndugu, sasa twasema jambo litakalouma kidogo. Nani humwajiri mpigaji wa Misikhu? Si matajiri wa Nairobi. Ni sisi. Mwalimu anapooza mwanawe, mfanya kazi wa kiwanda cha sukari anapomzika baba yake, mama wa sokoni anapofanya harambee ya karo, sisi ndio tunaosimama mbele ya mpigaji na kumwambia, "Ndugu yangu, nipunguzie." Siku ya Mei Mosi tunaimba juu ya ujira wa haki. Jumamosi inayofuata tunamlipa mpigaji nusu, na nusu nyingine tunamwahidi.

Twajua matanga ni gharama. Twajua jamaa wengi huzika kwa michango, na hatutaki chama kiwaongezee waliofiwa mzigo. Yeyote asiye na uwezo aseme mapema, na mpigaji wa kwetu atakuja kwa ujirani, kama inavyostahili. Hayo ni mambo ya undugu. Lakini mwenye kukodi hema tatu, gari la picha na chakula cha watu mia nne, kisha akatafuta kupunguziwa kwa mpigaji peke yake, huyo hana umaskini. Ana dharau.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo sisi twapendekeza mambo haya yaletwe mbele ya mkutano wa tawi, yajadiliwe na kupigiwa kura.

La kwanza. Mshahara wa mpigaji na kodi ya kinanda vitenganishwe. Mwenye kuleta kinanda chake alipwe mshahara, na juu yake alipwe kodi ya chombo, kama vile mwenye trekta analipwa kwa trekta na dereva analipwa kwa kuendesha. Mahali ambapo kinanda ni mali ya kanisa au klabu, mshahara wa mpigaji usipunguzwe hata senti moja kwa sababu hiyo.

La pili. Katika arusi na sherehe kubwa, kinanda kisije peke yake. Mpigaji aje na mwimbaji na mpigaji mmoja wa ala ya mkono, iwe litungu, gita au ngoma. Watatu si sita, lakini watatu si mmoja. Watu watapata muziki mzuri zaidi, na nyumba tatu zitapika jioni ile.

La tatu. Staili alizotengeneza mpigaji ni mali yake. Kila mpigaji aziweke katika flashi yake mwenyewe, na siku anapoondoka aondoke nazo. Asizifute za kiwandani, wala asiharibu chombo cha mtu. Huo si uungwana. Lakini jasho lake asiliache.

La nne. Pasiwe na kukatana bei. Tukikubaliana kima cha chini, mwanachama atakayekwenda chini yake kwa siri amewauza wenzake. Tusimtukane. Tumwite, tumwulize ana shida gani, maana mara nyingi aliyekata bei ni yule mwenye deni la kinanda linalomkaba.

La tano, nalo linatokana na hilo la nne. Tuweke akiba pamoja, tununue pamoja. Kijana mmoja akikopa kwa riba kali anakuwa mtumwa wa kinanda. Wapigaji kumi wakiweka akiba kila wiki, wananunua kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, na chombo kikiharibika upo mfuko wa kukitengeneza. Mpira ulio chini ya vibonyezo huchakaa, vumbi la barabara yetu huingia, na kiwanda huacha kutengeneza vipuri vya vinanda vya zamani. Tumpeleke kijana mmoja ajifunze ufundi huo vizuri. Fundi mmoja wa vinanda kati ya Bungoma na Kitale hatakosa chakula.

La sita. Ndugu waliopoteza nafasi zao katika bendi wasiachwe. Mpiga besi wa zamani anajua besi inavyopaswa kutembea kuliko kitabu chochote kilichokuja ndani ya sanduku la kinanda. Huyo ndiye mwalimu wa kijana wa kinanda. Alipwe kwa kufundisha.

KWA KUMALIZIA

Twajua watakaosema mambo haya ni madogo, kwamba kuna mambo makubwa ya mishahara ya viwandani na bei ya unga. Twajibu kwamba mambo ni yale yale. Kinu kilipoleta mashine mpya iliyofanya kazi ya watu kumi, swali lilikuwa: faida ya mashine hii ni ya nani? Simu ilipochukua mahali pa karani wa benki, swali lilikuwa hilo hilo. Leo swali hilo limekuja mpaka uwanjani kwetu, chini ya hema, siku ya arusi, na ni sisi tutakaolijibu, kwa sababu safari hii mwenye kulipa ni sisi na mwenye kulipwa ni sisi.

Kinanda hakina ubaya wala wema. Ni jembe. Jembe likiwa mikononi mwa mkulima, hulima shamba lake. Likiwa la bwana mwingine, humlimia bwana huyo. Basi ndugu wapigaji, shikeni majembe yenu pamoja, wala mtu asishike lake peke yake. Na ndugu msiopiga, mtakapomwita mpigaji Jumamosi ijayo, mlipeni yote kabla hajapakia spika zake.

Njooni mkutanoni kwa wingi. Umoja ni nguvu.